Mtoto na Aandike Aliyoyaona

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu wenzetu, mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya kazi moja ya shule ambayo aghalabu huachwa mpaka Ijumaa alasiri, watoto wakiwa wamechoka na mwalimu akiwa na madaftari mengine mezani. Kazi hiyo ni kutunga. Hesabu ina saa yake, na sarufi ina saa yake; kutunga huja nyuma, kama mgeni aliyefika watu wamekwisha kula. Mwalimu huandika ubaoni, "Siku nisiyoisahau," au "Safari ya mjini," kisha huketi. Watoto nao huinama juu ya madaftari yao, na kazi imekwisha.

Sisi tumefundisha katika shule za msingi miaka kumi na mitatu, kwanza huko bara, na sasa katika wilaya ya Muheza, chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, penye michungwa na midalasini. Katika miaka hiyo tumesoma insha za watoto zisizo na hesabu. Tena twasema kweli: nyingi katika hizo zilikuwa insha moja.

Mwaka mmoja, katika mwezi wa Aprili, masika ilishika sana. Mvua ilinyesha usiku na mchana muda wa wiki nzima, hata njia ya kuja shuleni ikawa kijito. Tulilipa darasa la sita kichwa hiki: "Asubuhi ya leo." Watoto walikuwa 72. Tulipoyafungua madaftari, karibu katika yote jua lilikuwa limechomoza kwa mng'ao wa dhahabu, ndege walikuwa wakiimba matawini, na upepo mwanana ulikuwa ukivuma. Nje, mvua ilikuwa ikipiga bati hata tusiweze kusikilizana. Watoto hawa hawakuwa wajinga, wala hawakuwa waongo. Walikuwa watiifu. Walikuwa wamefundishwa na waliowatangulia, na kwa vijitabu vya insha viuzwavyo madukani, ya kuwa asubuhi ya kuandikwa ndiyo ile, na asubuhi ya nyumbani kwao haifai kutiwa wino.

Lakini lilikuwapo daftari moja lenye sentensi nne tu, la msichana ambaye kwa kawaida hakunyosha mkono darasani. Aliandika hivi: "Mvua inanyesha. Kuku wetu wamelala jikoni. Mama amepika uji amesimama, maana kigoda wamekikalia kuku. Na mimi nimekunywa uji nimesimama." Tulizisoma sentensi hizo mbele ya wenzake. Watoto wakacheka, na yule msichana akainamisha kichwa, akidhani ya kuwa anachekwa. Kumbe wale walicheka kwa sababu waliijua habari ile. Hata majikoni mwao kulikuwa na kuku. Mmoja akasema kwa sauti, "Na kwetu pia!" Ndipo msichana akainua macho.

Tangu siku ile twasadiki neno moja, nalo ndilo tutakalolisema hapa. Mtoto hutunga vema yakiwapo mambo mawili: akiulizwa jambo alilolishuhudia yeye mwenyewe, na akiwapo mtu anayetaka kweli kujua jawabu lake. Moja likikosekana, hukimbilia maneno ya kuazima, nayo maneno ya kuazima hayamkai, kama kanzu ya mtu mwingine.

Yafaa tuulize desturi hii ya kuazima imetoka wapi. Majirani zetu wa Kenya walikuwa na mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu mwaka wa 1985 hata mwaka wa 2023. Ndani yake mtoto alitakiwa kuandika insha kwa muda wa dakika 40, na mara nyingi alipewa sentensi ya kuanzia au ya kumalizia. Dakika 40 ni chache. Mtu mwenye hofu hachimbi kisima siku ya kiu. Huja na maji yake kibuyuni. Basi watoto waliingia chumbani na vibuyu vyao: methali za kufungulia, tashbihi za uzuri na za hasira, maneno ya kulia, maneno ya kukimbia, yote yamekwisha kaririwa, yangoja tu kumiminwa. Mtoto hodari aliweza kuyamimina juu ya kichwa chochote, arusi au ajali, pasipo kubadili neno.

Kwetu Tanzania shida ilikuja kwa mlango mwingine. Kwa miaka mingi, katika mtihani wa kumaliza darasa la saba, sehemu iliyoitwa Utungaji ilikuwa na sentensi chache zilizovurugwa, na mtoto alitakiwa kuzipanga kwa herufi A, B, C na D. Mtoto aliweza kupata alama zote za utungaji pasipo kutunga hata sentensi moja. Hatusemi haya kwa kuwalaumu watu wa mitihani. Katika miaka ya karibuni watahiniwa wa darasa la saba wamepita milioni moja kwa mwaka, na kusoma insha milioni moja kwa macho ya binadamu ni kazi isiyo ndogo. Walakini sisi tulio darasani twajua ya kuwa jambo lisiloulizwa katika mtihani, baada ya miaka michache halifundishwi. Na baada ya miaka mingine michache walimu wenyewe hawajui tena kulifundisha.

Wako watu wadhanio ya kuwa kumtaka mtoto aandike mambo yake mwenyewe ni mtindo mpya uliotoka Ulaya juzi. Hao na waikumbuke Kiungani, katika kisiwa cha Unguja. Hapo palikuwa na shule ya UMCA, na wengi katika wavulana wake walikuwa wametolewa katika majahazi ya watumwa. Mwaka wa 1887 kilipigwa chapa London kitabu kiitwacho Kiungani, chenye habari zilizoandikwa na wavulana hao wenyewe: kwao palikuwaje, walikamatwaje, na walipelekwaje hata pwani. A. C. Madan alizifasiri kwa Kiingereza, lakini aliyeyaona mambo yale na kuyasimulia ni mtoto. Wala Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Wengi walitoka nchi za mbali za bara, nao walijifunza lugha hii baadaye, katika taabu yao. Mwaka wa pili wake, 1888, likaanza hapo Kiungani gazeti la Kiswahili, jina lake Msimulizi. Ndani yake wanafunzi, na wale waliokwisha kutoka wakawa walimu bara, walipashana habari za vituo vyao, na Magila ilikuwa kimojawapo, ambayo i katika wilaya hii yetu ya Muheza.

Twapenda sana kulifikiri jambo hilo. Kama mtu angaliwaambia wavulana wale kwamba habari njema ni ile yenye jua la dhahabu na upepo mwanana, leo tungekuwa na jua na upepo, nasi tusingejua kilichompata mtoto yule njiani. Habari za watumwa zilizoandikwa na mabwana, na maofisa, na wasafiri ni nyingi. Zilizoandikwa na mtoto aliyechukuliwa ni chache. Kuna mambo katika dunia ambayo ayajuaye ni mtoto peke yake, na yeye asipoyaandika hayataandikwa.

Na huko Ulaya nako alikuwako mwalimu aliyeifikia njia hiyo kwa sababu ya udhaifu wa mwili wake. Jina lake Célestin Freinet, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka wa 1896. Katika Vita Kuu ya Kwanza alipigwa risasi ya kifua, na pafu lake halikupona sawasawa. Mwaka wa 1920 alipewa kazi katika kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini ya Ufaransa, naye hakuweza kusimama na kusema mchana kutwa kama walimu wengine, pumzi haikumtosha. Basi akawaacha watoto waseme. Alitoka nao nje wakatazame watu kazini mwao, na waliporudi waliandika waliyoyaona. Mwaka wa 1924 alitia darasani mashine ndogo ya kupigia chapa. Watoto wakapanga herufi kwa mikono yao, wakapiga chapa maneno yao, wakayapeleka kwa watoto wa shule nyingine huko Bretagne, mbali sana, karibu na bahari, nao wale wakawaletea ya kwao. Mtoto aliyekuwa akimwandikia mwalimu kwa ajili ya alama, sasa alimwandikia mtoto mwenziwe asiyepata kuona milima ile.

Sisi hatuna mashine ya kupigia chapa. Tuna mkeka wa ukindu, uliokuwa mzee, tulioutundika ukutani karibu na mlango wa darasa, na karatasi huchomekwa juu yake kwa miiba ya mlimau. Hilo ndilo gazeti letu la ukutani. Kila Jumatatu twatoa jambo moja la kuandika, na kila Ijumaa karatasi kumi na mbili hupanda mkekani. Kwa kuwa watoto ni 72, baada ya wiki sita kila mtoto amekuwa na zamu yake, mwenye akili nyepesi na mwenye akili nzito, na hapana anayeachwa.

Mtauliza, mambo gani hayo ya kuandika? Tutayataja machache, ili mwenye kupenda ayajaribu. Wiki moja tuliwaambia watoto: Mweleze kipofu njia ya kutoka kwenu hata shuleni. Hapo jua la dhahabu halikufaa kitu, maana msomaji hakuwa na macho. Mvulana mmoja aliandika, "Ukisikia harufu ya mdalasini ulioanikwa, shika mkono wa kuume. Ukisikia mashine ya kusaga, umepotea, rudi. Miguu ikipata baridi, hapo ni mtoni, vua viatu." Wiki nyingine tuliwaambia: Eleza kazi moja aifanyayo mtu wa kwenu, hatua kwa hatua, mpaka asiyeijua aweze kuifanya. Tena: Andika maneno ya watu wawili sokoni, mmoja amekasirika, lakini usilitaje neno "hasira." Tena: Kitaje kitu kimoja kilichomo nyumbani mwenu ambacho hakimo nyumbani mwa jirani, na ueleze kilifikaje.

Sharti letu la kwanza ni kwamba maneno yasizidi 100. Kuweka kikomo si jambo tulilolizua sisi. Huko Uingereza BBC ilianzisha mwaka wa 2011 shindano la hadithi za watoto wenye umri usiozidi miaka 13, likaitwa 500 Words, kwa kuwa hadithi haitakiwi kupita maneno 500. Sisi tuliyapunguza, kwa kuwa karatasi ni ghali, na maneno 100 ya watoto 72 ni maneno 7,200, ambayo mwalimu aweza kuyasoma kwa jioni mbili pasipo kuiacha familia yake. Lakini faida kubwa ni ya mtoto. Akijua ya kuwa ana maneno 100 tu, huanza kuyapima kama mtu apimaye fedha za safari. Methali ya kufungulia humla maneno saba, naye huona kwamba kwa maneno saba angaliweza kutuonyesha kigoda na kuku.

Sharti la pili ni kwamba hapana zawadi. Twajua ya kuwa mashindano yana heshima yake. Shindano la insha la Jumuiya ya Madola lilianza tangu mwaka wa 1883, lilipoanzishwa na chama kilichoitwa wakati ule Royal Colonial Institute, na watoto wengi wamepata moyo kwa ajili yake. Mtoto wetu akiweza kupeleka insha yake huko, na aende, nasi tutamsaidia kutafuta bahasha. Walakini katika darasa la watoto 72 mshindi ni mmoja, na wale 71 hurudi nyumbani na fundisho kwamba wao si waandishi. Jaribio letu mtoto hushindana na karatasi yake ya wiki iliyopita, basi.

Na makosa je? Mwalimu mwenzetu mmoja alituuliza swali hilo, naye alikuwa na haki. Ukutani palikuwa na "kalibu" mahali pa "karibu," na sentensi zisizo na nukta mpaka chini. Jawabu letu ni hili: kosa lisahihishwe, ila lisiwe mlinzi wa mlango. Kwanza mtoto aseme alilo nalo. Pili asomewe na mwenziwe, aone mahali ambapo mwenziwe amekwama. Tatu, kabla ya karatasi kupanda mkekani, huandikwa upya safi. Wiki moja twatazama nukta na herufi kubwa tu, wiki nyingine twatazama "r" na "l." Karatasi iliyojaa wino mwekundu kutoka juu hata chini hufundisha neno moja tu, nalo ni kwamba heri kutoandika.

Tena liko jambo lisahihishalo kuliko kalamu yetu. Shule yetu hupelekeana barua na shule moja ya pwani, watoto kwa watoto, mara mbili kila muhula. Mvulana wetu mmoja alieleza namna machungwa yanavyochumwa kwao, akaandika ya kuwa baba hupanda juu na kuyaangusha. Sisi tuliisoma barua ile, tukaona i safi, nukta mahali pake, tukaitia bahasha. Baada ya mwezi likaja swali kutoka pwani: "Je, yakianguka hayapasuki?" Mvulana akaliangalia lile swali muda mrefu. Alikuwa amesahau kusema ya kuwa mama na dada husimama chini wakikinga gunia, wameshika pembe zake. Alilijua jambo hilo tangu utoto wake. Lakini kwa kuwa alilijua mno, hakuliona. Akaketi akaandika upya, na katika barua ya pili gunia lilikuwapo, na mama, na dada, hata na mkwaruzo wa mwiba katika mkono wa dada. Hapana kalamu nyekundu ambayo ingaliuliza swali lile. Aliuliza mtoto wa wavuvi asiyepata kuuona mchungwa wenye matunda.

Sasa twafika penye jambo lililo zito katika kazi hii, wala si haki kulificha. Mtoto akiandika aliyoyaona, ataandika na yale ambayo watu wa kwao hawakutaka yaonwe. Na maneno yakipanda ukutani, au yakitiwa siku hizi katika simu, hayarudi. Freinet naye yalimpata. Mwaka wa 1932, alipokuwa akifundisha Saint-Paul, mtoto mmoja aliandika ndoto yake, ya kuwa amemwua meya wa mji. Ilikuwa ndoto ya mtoto, nao waliipiga chapa pamoja na nyingine. Lakini maadui wa mwalimu waliitwaa, wakaibandika kutani mjini, pakawa na ghasia kubwa, na mwaka uliofuata ikambidi kuiacha shule ile.

Kwa hiyo sisi tuna kanuni: karatasi yenye kutaja watu wa nyumbani hupelekwa nyumbani kwanza, isomwe hapo kabla ya kusomwa shuleni. Mwaka jana mvulana mmoja wa darasa la saba aliandika juu ya miezi miwili kabla ya machungwa kuiva. Alieleza kwamba mama yake alichukua unga kwa deni katika duka moja kijijini, akamtaja mwenye duka kwa jina, na daftari lake lenye jalada la buluu, na namna mama alivyokwenda jioni, watu wakiwa wamepungua barabarani. Ilikuwa kazi nzuri kupita zote za wiki ile. Tulimrudishia, tukamwambia, "Msomee mama."

Kesho yake asubuhi mama yule alikuja shuleni, upindo wa kanga yake umelowa umande. Tulidhani amekuja kutuomba tuiondoe habari ya deni, nasi tulikuwa tayari kuiondoa. Akasema, "Mwalimu, nimesomewa. Deni si aibu. Huku kwetu kila nyumba hukopa kabla ya machungwa. Lakini yule aliyetukopesha alitusitiri, naye amewaambia watu wote kwamba hakopeshi mtu. Mkimtaja jina ukutani, kesho mlango wake utajaa watu, nasi tutakuwa tumemlipa ubaya. Jina litoke, deni libaki."

Jina likatoka. Mvulana akaandika "mtu mmoja," na jalada la buluu akaliacha, maana madaftari ya namna hiyo ni mengi. Karatasi ile ikakaa mkekani wiki mbili. Twawaambia kweli, wasomaji, katika mafunzo yote tuliyoyapata chuoni juu ya kutunga, hatukupata fundisho lililo wazi kama la mama yule, ambaye mwenyewe husoma kwa shida. Aliipambanua kweli iliyo yake kuitoa na kweli iliyo ya mtu mwingine. Mtoto aandikaye yampasa kulijua hilo mapema, hasa siku hizi ambapo kijana mwenye simu aweza kulitangaza jina la jirani katika nchi nzima kabla ya kufikiri. Twawafundisha watoto maswali matatu kabla ya kutoa neno: Je, ni kweli? Je, ni langu kulisema? Je, aliyetajwa angekuwa amesimama hapa, ningelisoma kwa sauti?

Wengine husema, kazi yote hii ya nini, maana sasa ziko mashine? Tangu mwisho wa mwaka wa 2022 zimeenea programu za kompyuta, kama ile iitwayo ChatGPT, ziwezazo kutunga insha nzima ya Kiswahili kabla uji haujapoa. Ni kweli. Tumezisoma insha hizo, nazo hazina kosa kubwa la sarufi. Lakini zatukumbusha yale madaftari ya mwezi wa Aprili. Kuandika asubuhi isiyo ya mtu yeyote, mashine yaweza kuliko mtoto, wala mtoto hana haja ya kushindana nayo. Jikoni mwa msichana yule mashine haikuingia, wala haijui ni nani aliyekalia kigoda.

Katika mkutano wa wazazi mzee mmoja aliinuka, akatuuliza mbele ya watu wote, "Mwalimu, hao kuku wa jikoni wataletwa katika mtihani?" Watu wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao. Kisha tukamjibu kwa adabu na kwa kweli: "Hapana, mzee wetu, hawataletwa." Lakini tukamwuliza nasi: Mtoto wako akiugua akiwa ugenini, akafika mbele ya mganga, nani atasema maumivu yalianza wapi na saa ngapi? Akidhulumiwa mshahara wake, nani ataandika barua ya madai, tarehe kwa tarehe? Na Mungu apishe mbali, mtoto akitendewa uovu na mtu mkubwa, akaitwa mbele ya baraza aseme kilichotukia, je, atasema kwa maneno gani, ikiwa maneno yote tuliyompa ni ya jua lichomozalo na ndege waimbao? Watamwambia, "Sema wazi." Naye hakuzoezwa kusema wazi, amezoezwa kusema vizuri. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi na waandike," akaketi.

Basi, walimu wenzetu, hatuwaombi mwache kufundisha methali, wala mzitupe insha za mabingwa. Shaaban Robert, mwenyeji wa mkoa huu wetu wa Tanga, alitoa kitabu kilichopigwa chapa mwaka wa 1954, akakiita Kielezo cha Insha. Na kielezo ni kitu chema. Lakini fundi wa milango humwonyesha mwanagenzi mlango uliokwisha, ili aone viungo vimeshikanaje, kisha humpa mbao zake mwenyewe. Nasi na tuwape watoto mbao zao. Tuitoe kazi ya kutunga katika Ijumaa alasiri, tuilete Jumatatu asubuhi. Tuwaulize jambo dogo ambalo sisi wenyewe hatulijui jawabu lake. Tuwatafutie msomaji, awe mwenziwe wa dawati la mbele, awe mama jikoni, awe mtoto wa shule nyingine ng'ambo ya milima. Mkeka mzee haukosekani, wala miiba ya mlimau.

Na mwalimu atakayejaribu wiki hii, na aanze na kichwa kile kile, "Asubuhi ya leo," ila aongeze maneno haya ubaoni: "Andika lile ambalo mimi mwalimu, kwa kuwa sikulala kwenu, siwezi kulijua."